Kuhariri Ikolojia Si Kusafisha Kiingereza

Mwanaikolojia akiacha ajira ya mradi au ya chuo akaanza kuandika na kuhariri kwa kujitegemea, watu humuuliza kwa nini ameacha sayansi. Wanaouliza hivyo humwona mhariri kama fundi wa sarufi: anapewa muswada, anapanga nukta na mkato, anaurudisha. Kazi ingekuwa hiyo tu, mwalimu mzuri wa Kiingereza angeifanya vizuri zaidi na kwa bei nafuu. Ninachoshikilia mimi ni kwamba mtu huyu analipwa kwa ikolojia yake, na siku akilisahau hilo ataanza kujiuza kwa bei ya kuchapa barua.

Tuchukue muswada wa mikoko. Sehemu ya mbinu inasema watafiti waliweka viwanja 20 vya mita 10 kwa 10 na kuhesabu kila mti. Sehemu ya matokeo inasema ilipatikana miti 47 ya mchu, Avicennia marina, yaani miti 2,350 kwa hekta. Sarufi ni safi kabisa. Lakini kiwanja kimoja kina mita za mraba 100, vyote 20 vina mita za mraba 2,000, ambazo ni hekta 0.2. Gawanya 47 kwa 0.2, unapata 235. Aliyepiga hesabu alichukua 10 mahali pa 10 kwa 10, akagawanya kwa hekta 0.02. Kosa la namna hii halibaki mahali pamoja: linaingia kwenye jedwali, linapanda hadi kwenye ikisiri, kisha linazaa hitimisho kwamba msitu una hali nzuri. Kulikamata ni kazi ya dakika moja, ila dakika hiyo anayo yule tu aliyezoea kukaa na vipimo vya viwanja kichwani.

Kwenye muswada huohuo angalia pia kipenyo. Kwa kawaida mti hupimwa usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, husimama juu ya mizizi inayochomoza kwenye shina juu ya ardhi, na hapo kipimo huchukuliwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Ukikuta imeandikwa kwamba miti yote, mikoko ikiwemo, ilipimwa kwenye mita 1.3, ama waliokwenda matopeni walipima sawa na mwandishi akasahau kueleza, ama walipima mizizi. Usirekebishe kwa kubahatisha. Uliza.

Namna ya kuuliza ni ustadi wenyewe. Maoni ya pembeni yasemayo "haieleweki" hayana faida, kwa kuwa mwandishi atabadilisha maneno na kosa litabaki. Maoni mazuri yanaonyesha mahali, kisichokubaliana na njia za kutokea: "Jedwali 2, safu ya mchu: miti 47 kwenye hekta 0.2 ni 235 kwa hekta, hapa pameandikwa 2,350. Je, eneo la kiwanja ni tofauti na lililotajwa kwenye mbinu, au ni hesabu? Ikiwa ni hesabu, rekebisha pia ikisiri na aya ya mwisho." Mwandishi aliyechoka anaweza kulijibu hilo saa tano usiku bila kupiga simu.

Yapo makosa ambayo mhariri hawezi kuyaponya. Kubwa ni marudio bandia, yaani kuhesabu vipimo vya mahali pamoja kana kwamba ni sampuli zinazojitegemea, ambayo mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliyaeleza kwa kina mwaka 1984 na bado yanaingia kwenye miswada hadi leo. Ghuba moja imehifadhiwa, nyingine haikuhifadhiwa. Kila moja ina viwanja 15. Mtafiti anaandika kwamba ana sampuli 30 na kwamba hifadhi imeongeza miti. Ukweli ni kwamba ana ghuba moja dhidi ya ghuba moja. Tofauti aliyoiona yaweza kuwa ya tope, ya maji ya mto au ya umri wa msitu. Kurudi kuongeza ghuba nyingine haiwezekani, maana fedha zimekwisha. Kinachowezekana ni kushusha madai: kichwa kiseme "tofauti kati ya ghuba mbili" badala ya "athari ya uhifadhi", na upungufu huo utajwe waziwazi kwenye mjadala. Mwandishi atanung'unika. Mwambie kabisa kwamba wahakiki wa jarida wataona, na afadhali aone yeye kwanza.

Majina ya kisayansi nayo yana mtego wake. Mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua jina Acacia libaki kwa miti ya Australia, na uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Kwa hiyo migunga yetu iligawanywa: Acacia tortilis ikawa Vachellia tortilis, Acacia senegal ikawa Senegalia senegal. Muswada ulioandikwa na watu watatu mara nyingi hubeba majina ya zamani na mapya kwa pamoja, na msomaji anadhani ni miti tofauti. Rekebisha, lakini usiamuru kompyuta ibadilishe kila mahali kwa mkupuo, kwa sababu itavuruga vichwa vya kazi za zamani kwenye marejeo, na vichwa hivyo lazima vibaki kama vilivyochapishwa.

Bei sasa. Usitaje bei kabla ya kuuona muswada mzima, ukiwa na majedwali yake. Muswada ulioandikwa vizuri huenda kwa takriban maneno 1,000 kwa saa. Mzito ni 500 au chini ya hapo. Makala ya maneno 6,000 iliyo nzito itakula saa 12 za matini, saa 4 za majedwali, michoro na marejeo, na saa 3 za mzunguko wa pili baada ya mwandishi kujibu maswali. Hizo ni saa 19. Wengi hupata hasara kwenye zile 3 za mwisho: wanaziahidi bila kuzihesabu, kisha mzunguko wa pili unakuwa wa tatu na wa nne. Andika kwenye makubaliano ni mizunguko mingapi. Akili ya kuhariri sayansi haizidi saa tano au sita kwa siku, hivyo kazi hiyo ni ya siku nne, na anayeiahidi kwa mbili atapitisha ile sifuri ya mchu.

Mteja wa nje akilipa kwa benki, mkubaliane ada ya kutuma anabeba nani: OUR maana yake analipa mtumaji, SHA mnagawana, BEN inakatwa yote kwako. Tanzania, mradi au kampuni ikikulipa ada ya huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti chake palepale, kwa kuwa bila hicho utashindwa kuonyesha wakati wa hesabu za mwaka kwamba kodi hiyo imekwishalipwa.

Kazi moja isikubaliwe kwa bei yoyote, nayo ni kumwandikia mwanafunzi tasnifu. Kuhariri lugha ya tasnifu kwa ruhusa ya msimamizi ni halali. Kumtungia matokeo na mjadala ni kumpa shahada mtu ambaye kesho atasaini tathmini ya athari za mazingira ya bonde zima.

Ninalolijali kuliko yote ni Kiswahili. Watafiti hupima msitu wa watu kwa miaka mitatu, kisha wanaacha kijijini muhtasari wa kurasa mbili uliotafsiriwa haraka haraka. Humo utakuta ndege walihesabiwa "saa sita na nusu asubuhi", kwa kuwa mfasiri aliona 6:30 akaiacha ilivyo, wakati ni saa kumi na mbili na nusu. Utakuta hekta 12 kwa wakulima wanaopima kwa ekari, na hakuna aliyeandika kwamba ni kama ekari 30. Utakuta chura wa Kihansi, wa korongo la Kihansi huko Tanzania, "ametoweka duniani", ilhali IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, mwaka 2009 ilimweka kundi la waliotoweka porini. Vyura wenyewe walikuwa hai, wakizalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo huko Marekani. Mtu akisoma ametoweka duniani, atashangaa kwa nini bado kuna fedha za kumrudisha.

Na utakuta neno "mikoko" likibeba kila kitu. Watu wa pwani wanatofautisha mkoko, mchu, mkandaa, mlilana na mkomafi. Mti ukikatwa, wanauita kwa unene wake: pau, mazio, boriti, nguzo. Hayo ni madaraja ya vipenyo, yaliyokuwa yakitumika sokoni kabla ya mradi wowote kufika. Ripoti isemayo "ukataji wa mikoko yenye kipenyo cha kati" inaweza kusema boriti za mkandaa, na mjenzi wa nyumba akajua hapohapo anaambiwa nini. Mwanaikolojia anayejua Kiswahili ndiye wa kuunganisha jedwali na boriti. Hiyo nayo ni kazi ya kulipwa, haifai kuombwa kama fadhila baada ya semina ya kufunga mradi.

Kwa muhtasari wa kurasa nne pangia siku mbili za kuandika, siku moja ya kuusoma kwa sauti mbele ya watu watano wa kijiji, wavuvi na wakata miti wakiwemo, ukiweka alama kila wanapokukatiza kuuliza, na siku moja ya kurekebisha palipowekwa alama. Jumla siku nne, pamoja na nauli. Ziingizwe kwenye bajeti ya andiko la mradi kabla halijapelekwa kwa mfadhili, kwa sababu fedha zikishagawanywa, hakuna anayefungua kifungu kipya kwa ajili ya kurasa nne za Kiswahili.