Mwalimu, Gari Limechemsha Tena

Kila jirani wa mtaa wetu wa Magomeni, hapa Mtwara mjini, analijua joto la injini ya gari langu kuliko anavyolijua joto la mwanawe mwenye homa. Nikitoka msikitini alfajiri, mtu haniulizi nimeamkaje, ananitazama kwa huruma, anashusha sauti kama aliyekuja kutoa rambirambi, kisha anasema: "Mwalimu, limechemsha tena?" Nami, kwa kuwa nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka 31 na sijazoea kusema uongo mbele ya watu wenye udhu, hujibu kwamba ndiyo, limechemsha.

Gari lenyewe ni saluni ndogo ya Kijapani ya mwaka 1996. Nililinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo changu pamoja na korosho za misimu miwili, na mpaka leo halijazoea kuishi kwetu. Redio yake ilitengenezwa kwa masafa ya Japani, ambayo wakati huo yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi tunazozipenda hazishiki mpaka mtu afunge kifaa cha kubadilisha masafa, ambacho mimi sijakifunga kwa sababu dereva wa gari kama hili anatakiwa asikilize injini, si taarabu. Karibu na mfuniko wa rejeta pana stika ya manjano yenye maandishi ya Kijapani na picha ya mkono uliofunikwa na mvuke. Maandishi siyajui. Picha niliielewa barabara, ila niliielewa baadaye, wakati napakwa dawa.

Maradhi yalianza mwezi wa Oktoba, joto la pwani linapoanza kukaza. Feni ya rejeta, ile ya umeme inayokaa nyuma ya rejeta na kuvuta hewa kutoka mbele ya gari, iliacha kuzunguka. Niliifungua mwenyewe, nikaona brashi za mota zimekwisha kabisa, nikafurahi kama daktari aliyepata ugonjwa anaoufahamu. Fundi wa gereji alitaka shilingi 30,000 za kuibadilisha tu, mbali na bei ya feni. Nikamwambia mke wangu kwamba mtu aliyewafundisha watoto wa watu umeme kwa miaka 31 hawezi kulipa shilingi 30,000 ili aungiwe nyaya mbili. Mama Saidi hakunijibu. Aliendelea kupepeta mchele wake, na kwa wanaomfahamu, hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Feni ya mtumba niliagiza Dar es Salaam, ikaja kwa basi ikiwa imefungwa ndani ya gunia kama jogoo. Soketi yake haikulingana na ya gari, kwa hiyo nilizikata zote mbili ili niunge nyaya moja kwa moja. Hapo palikuwa na fumbo dogo: gari lilikuwa na waya wa buluu na waya mweusi, ilhali feni ilikuwa na nyaya mbili nyeusi, mmoja ukiwa na mstari mweupe uliofifia kwa uzee. Nilitafakari kwa muda usiozidi nusu dakika, nikaunga, nikazungushia utepe mweusi wa umeme, nikaita familia ishuhudie. Feni ilizunguka. Watoto wa jirani walipiga makofi. Bolti nne zilizobaki nilizitia katika kopo la maziwa ya unga, kopo ambalo tangu nistaafu limekuwa likijaa taratibu, hata huwa najiuliza gari linashikiliwa na nini.

Kuanzia siku hiyo tabia ya gari ilikuwa ya ajabu. Likisimama chini ya mwembe wa nyumbani na injini inaunguruma, hata kwa saa nzima, mshale wa joto ulitulia. Lakini nikilitoa kwenye barabara kubwa na kulifikisha mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mwendo ambao upepo wa mbele peke yake ungetosha kuipoza rejeta, mshale ulipanda kama mkwezi anayelipwa kwa hesabu ya nazi. Mtu yeyote aliyesoma angejiuliza kwa nini gari linapoa likisimama na kuchemka likipungwa na upepo. Mimi sikujiuliza. Nililipeleka kwa mafundi.

Fundi wa kwanza aliing'oa themostati, akisema hicho ni kifaa cha nchi za baridi. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba themostati hufunguka kwenye nyuzi 82 au zaidi kidogo, kwamba kazi yake ni kuifikisha injini upesi kwenye joto linaloifaa na kuidumisha humo, na kwamba haiulizi kama nje ni Mtwara au Moscow. Alinisikiliza kwa adabu zote, akasema "sawa, mwalimu", akaitia mfukoni. Wa pili aliisafisha rejeta, na hapo sikubishana naye, maana kwa miezi mingi nilikuwa naijaza maji ya kisima chetu yenye chumvi, ambayo hujenga ukoko katika vile vijia vyembamba kama yanavyojenga ndani ya birika. Wa tatu hakugusa kitu. Alitikisa kichwa, akatamka "gasketi ya silinda hedi" kwa sauti ya daktari anayewaita ndugu wa mgonjwa pembeni, kisha akataja bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu Mama Saidi anajua kusoma.

Baada ya hapo walianza kuja waganga wasiotoza. Jirani wa upande wa kulia aliniambia nipasue mayai mawili ndani ya rejeta, yakutane na maji ya moto, yaive, yazibe tundu. Nilimwambia rejeta haivuji. Akasema basi yai moja litatosha. Muuza samaki anayepita na baiskeli alishauri pilipili manga. Kijana mmoja wa bodaboda, bila hata kushuka, alitoa hukumu kwamba gari hilo ni la kuuza chuma chakavu, nami nikamjibu kwamba mjusi wa Tendaguru alilala katika ardhi ya Lindi kwa miaka ipatayo milioni 150, akachimbuliwa kati ya mwaka 1909 na 1913, na leo amesimama kwa miguu yake minne katika makumbusho ya Berlin, sembuse gari la mwaka 1996. Kijana akasema, "Lakini mzee, yule hawamwendeshi." Aliondoka kabla sijapata jibu, na sijalipata mpaka leo.

Kuhusu mkono wangu, jambo lilitokea Jumamosi moja karibu na hospitali ya Ligula, mahali ambapo ukipenda kuungua ndipo pa kuungulia. Gari lilichemsha, nikafungua boneti, nikauzungushia mfuniko wa rejeta khanga ya Mama Saidi iliyokuwa kwenye kiti cha nyuma, nikaufungua. Sasa, hili ni somo nililolifundisha mara nyingi: maji huchemka kwenye nyuzi 100 mahali palipo usawa wa bahari, lakini mfuniko wa rejeta huyabana kwa springi mpaka yanakaribia nyuzi 120 yakiwa bado maji, na ukiyaondolea mbano ghafla, maji yote hayo hukumbuka kwa pamoja kwamba yalitakiwa kuwa mvuke. Yalikumbuka. Khanga ilirushwa ikanasa juu ya mti wa jirani, ikatandazika vizuri ili kila mgonjwa anayeingia hospitali asome maandishi yake: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Mama Saidi alikuja kunichukua kwa bajaji. Aliuliza kwanza habari za khanga.

Ndipo alipofika mjomba. Msomaji asiyetoka kusini afahamu kwamba kwetu Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamwera, ukoo umefuata upande wa mama tangu jadi, na mjomba akitamka jambo, mpwa, hata awe na wajukuu na cheti cha utumishi wa muda mrefu, hujibu "ndiyo, mjomba". Wangu amevuka miaka 80, na ujana wake aliumaliza akiwa utingo wa malori ya Dar es Salaam na Mtwara, enzi ambazo mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko na masika yakiingia lori lilikaa kwenye tope mpaka watu wakapika, wakafua na wakaanika. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mjomba anaamini kwamba madereva wote ni abiria tu walioshika usukani.

Alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma.

"Gari likichemsha limechoka. Lipumzishe."

"Shikamoo, mjomba. Linachokaje wakati halijatembea hata kilomita kumi?"

"Marahaba. Limechoka na wewe, mpwa wangu."

Shauri lake likapita, gari likapumzika wiki tatu, na siku ya nne ya wiki ya nne tukaanza safari ya kwenda Lindi kwenye harusi ya binti wa dada yangu, safari ya kilomita mia moja na ushei. Mjomba alikaa mbele akiwa na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, Mama Saidi nyuma na khanga mpya ambayo aliikalia kwa makusudi, na pembeni yake madumu manne ya maji, ambayo mjomba aliyapakia bila kutoa maelezo. Tulivuka Mangamba vizuri. Tulipoanza kuiona ghuba ya Mikindani, mshale nao ukaanza kupanda, na nilipofika penye nyumba za kwanza mvuke ulikuwa umekwisha tuzuia kuona ghuba.

Livingstone alianzia hapo Mikindani safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, akiwa na ngamia na punda, na ingawa wengi wa wanyama wale walikufa njiani, hakuna hata mmoja aliyechemsha kabla hajatoka mjini.

Niliegesha pembeni, pua ya gari ikielekea kwenye jiko la mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo. Nilizima injini nikauacha ufunguo umewashwa ili feni iendelee kuzunguka, nikafungua boneti, nikasimama mbali na ule mfuniko, mikono mfukoni, kama mtu aliyefundishwa. Mjomba alianza kueleza kilichowapata Nangurukuru katika mvua za mwaka fulani. Nilitaka kuzima kila kitu ili kuiokoa betri, ambayo nayo ina historia yake, ndipo yule mama aliponiambia:

"Baba, samahani, kama hutajali, usilizime hilo feni lako."

"Kwa nini, mama?"

"Linanipulizia moto vizuri mno. Magari mengine yakisimama hapo hunivutia moshi wote yakaumeza. La kwako linatoa upepo."

Nilitazama jiko. Mkaa ulikuwa mwekundu kama wa mhunzi, na cheche zilikuwa zikikimbia kutoka upande wa gari kwenda upande wa bahari. Niliweka kiganja mbele ya grili: hewa ya moto ilikuwa inanijia usoni. Pole pole, mbele ya mjomba, mke wangu na wateja sita wa mihogo, niliunyoosha mkono wangu wa kushoto, kidole gumba juu, cha shahada mbele, cha kati pembeni, kama nilivyowaamuru vijana kwa miaka 31 wafanye katika kanuni ya Fleming. Gumba ni mwendo, shahada ni uga wa sumaku, cha kati ni mkondo wa umeme; geuza mkondo, na mwendo wa mota utageuka. Nimewatahini watu kwa swali hilo. Nimewafelisha watu kwa swali hilo, na mmoja wao, nilivyosikia, ndiye yule fundi wa themostati. Tangu Oktoba feni yangu ilikuwa ikipuliza kwenda mbele, na gari likishika mwendo, upepo wa barabarani na upepo wa feni vilikutana katikati ya rejeta vikasimama kubishana, huku injini ikiungua.

"Ana nini?" mjomba aliuliza.

"Anahesabu vidole," alijibu Mama Saidi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano: kufungua utepe, kubadilishana nyaya, kufunga utepe. Nilishika kisu. Yule mama akanizuia kwa mwiko wake, kwa heshima lakini kwa uthabiti, akiomba kwanza karai lililokuwa motoni liive, kwa kuwa wateja walikuwa wamekwisha lipa na hajawahi kupata moto kama ule. Mjomba akasema mwanamke huyo ndiye peke yake aliyeelewa gari langu tangu nilinunue, kwa hiyo asikilizwe. Nikasema ndiyo, mjomba. Tukala mihogo kwa pilipili na chumvi, karai likaiva, likafuata la pili ambalo sikuona liliingia lini, na nilipomaliza kuzigeuza nyaya na kuzungusha ufunguo, stata ilitoa sauti moja fupi ya mtu anayeguna usingizini. Betri ilikuwa imekwisha kwenye mihogo.

Kwa kuwa mbele palikuwa na jiko, gari lilisukumwa kinyumenyume, nikiwa nimetia gia ya kurudi nyuma, na wasukumaji walikuwa wateja wote sita, vijana wawili wa bodaboda na mjomba, ambaye aliipandisha kanzu mpaka magotini na kutoa amri kama yuko kwenye tope la Rufiji. Injini ilishika mara ya pili. Feni ikazunguka upande wake, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba ikavuta: ilivuta moshi wote wa mkaa na mafuta ya mihogo, ikaupitisha kwenye rejeta, kwenye injini na kwenye matundu ya hewa ya ndani, ikauweka wote juu ya khanga mpya ya Mama Saidi.

Mshale ulitulia katikati, ukakaa hapo. Yule mama alitufuata mpaka dirishani kudai shilingi 2,000 za mihogo, akauliza tunarudi lini kutoka Lindi. Nilimwambia kesho jioni, lakini feni nimeshaitengeneza. Alisikitika kwa dhati.