Fundi, Usizibe Tundu, Shona Pembeni Yake

Nilipompelekea fundi wangu wa Majengo, hapa Dodoma, jinzi yenye matundu magotini, aliigeuza mara mbili, akaivuta kidogo, kisha akaniuliza: "Kaka, unataka nizibe tundu au nishone pembeni ya tundu?" Nilidhani ananitania. Baadaye nilitambua kwamba swali lile lilikuwa na jibu la tatizo lililokwisha kunipotezea suruali tatu ndani ya miaka miwili. Zote nilizichagua mwenyewe kwenye mitumba ya Sabasaba, zote zilikuwa na tundu dogo la kupendeza, na zote ziliishia kuwa na dirisha ambalo goti zima lilichungulia. Kwa maoni yangu, jinzi ya namna hii haimalizwi na kuvaliwa. Humalizwa kwenye beseni, kwenye kamba ya kuanikia na katika ile dakika moja ya asubuhi tunapoingiza mguu kwa haraka.

Najua wapo wanaosema kwamba nguo iliyonunuliwa ikiwa imechanika haina cha kutunzwa. Siafikiani nao, kwa sababu suruali iliyo nzima huweza kuvumilia uzembe wa mwenyewe kwa miaka kadhaa, ilhali yenye tundu huanza kudai hesabu tangu siku ya kwanza. Hata ile methali ya ufa na ukuta haiingii hapa moja kwa moja, maana ufa wenyewe ndio tulioulipia. Kazi yetu ni kuuzuia usitembee.

Ili kuelewa unavyotembea, ni lazima kukitazama kitambaa. Jinzi hufumwa kwa nyuzi za mtande, zinazoshuka kutoka kiunoni hadi kwenye pindo na ambazo hutiwa rangi ya nili kabla ya kufumwa, pamoja na nyuzi za mshindio, zinazokatiza kwa upana na ambazo kwa kawaida huachwa nyeupe. Katika ufumaji uliozoeleka, uzi wa mtande hupita juu ya nyuzi tatu za mshindio kabla ya kuzama chini ya mmoja, ndiyo maana bluu hutawala upande wa nje na weupe ukabaki ndani. Anayetengeneza tundu la mtindo hukata au kukwangua ule mtande wa bluu na kuuacha mshindio mweupe umetandwa juu ya goti kama nyuzi za zeze la Kigogo. Nyuzi hizo nyeupe si pambo tu. Ndizo zinazoshikilia kingo mbili za tundu zisiachane. Uzi mmoja ukikatika, mzigo wake huhamia kwa jirani zake, na jirani naye hachukui muda.

Kwa hiyo siku hizi, ninapochagua mtumba, silitazami tundu kwa ukubwa wake bali kwa nyuzi zake. Nikikuta nyeupe nyingi, zilizokaza na zisizo na ncha zinazoning'inia, naendelea kuzungumza bei. Nikikuta kingo zimekuwa laini kama pamba na kitambaa cha jirani kimekonda hadi mwanga unapita, naiacha, hata kama bei inavutia. Matundu yaliyo katikati ya mapaja, kule mapaja yanakosuguana, si mtindo hata kidogo. Huo ni uchakavu. Modo, yaani jinzi za kubana, zenye nyuzi zinazovutika kama mpira nazo zinahitaji tahadhari, kwa sababu kila ukikaa kitambaa hukaza juu ya goti na tundu hufunguliwa kwa nguvu.

Inanifurahisha kwamba suruali hizi zilipata umaarufu kwa sababu ya kutochanika. Jacob Davis, fundi nguo wa Reno katika jimbo la Nevada, alianza kupigilia ribiti za shaba, yaani vijisumari vya kubana kitambaa, kwenye pembe za mifuko ya suruali za vibarua, na tarehe 20 Mei 1873 yeye pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss walipewa hataza ya Marekani kwa ubunifu huo. Davis alielewa kwamba mchaniko huanzia mahali mvuto unapokusanyika, yaani kwenye pembe. Fundi wangu wa Majengo, ambaye sidhani kama aliwahi kusimuliwa habari za Davis, alifanya jambo lile lile kwa uzi. Kwenye kila ncha ya tundu alipiga mishono mifupi iliyobanana, akaizungusha mishono ya zigizaga umbali wa takribani sentimita moja kutoka kwenye kingo, mahali ambapo kitambaa bado ni kizima, kisha akashonea kwa ndani kipande cha jinzi kuukuu. Kipande hicho lazima kizidi tundu kwa sentimita mbili au tatu kila upande. Kikiwa sawa na tundu, mshono utaangukia kwenye sehemu dhaifu na kuikata kama sindano inavyotoboa karatasi. Baadhi ya mafundi hutumia kile kitambaa chenye gundi upande mmoja ambacho hubandikwa kwa pasi ndani ya kola za mashati. Kinasaidia kwa muda, lakini kwenye goti, ambalo hukunjwa mamia ya mara kwa siku, gundi peke yake haidumu. Mtu asiyependa goti lake lionekane anaweza kuweka kitenge kwa ndani, na kwa kweli hupendeza.

Sasa nije kwenye kufua, ambako ndiko tunakokosea zaidi. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba nguo haijafuliwa mpaka mikono iume. Tunafikicha, tunapiga brashi, na magoti ndiyo tunayoyapiga kwa bidii kuliko sehemu nyingine zote kwa sababu ndiyo yanayochafuka. Suruali yangu ya pili ilikwenda kwa kijana aliyekuwa akinifulia, akairudisha ikiwa safi kabisa, na tundu lililokuwa na upana wa vidole viwili likipitisha ngumi. Simlaumu, kwa kuwa sikumwambia neno.

Upande wa pili wako wanaoshauri jinzi isifuliwe kabisa. Mwaka 2014 Chip Bergh, aliyekuwa akiiongoza kampuni ya Levi Strauss, alisema hadharani kwamba suruali aliyokuwa ameivaa ilikuwa imepita mwaka bila kuingia kwenye mashine ya kufulia. Namheshimu, ila yeye hapandi daladala ya Nkuhungu mwezi wa Septemba. Vumbi letu lina chembechembe za mchanga, na chembe hizo zikikaa ndani ya kitambaa husaga nyuzi kila goti linapokunjwa. Mimi nimechukua njia ya katikati: kila jioni naikung'uta nje ya nyumba na kuitundika mahali penye hewa, doa nalifuta kwa kitambaa chenye unyevu, na kuifua naifua baada ya kuivaa mara tano au sita, isipokuwa kama nimetoka jasho sana.

Siku ya kufua, kabla ya maji, nafunga zipu na kifungo, naigeuza nje ndani, kisha naliunganisha tundu kwa bandi, mishono mikubwa mitano au sita ya mkono inayofumuliwa baadaye kwa nukta chache. Hatua hiyo ndiyo ambayo watu huiruka, nami naiona kuwa ya thamani kuliko sabuni yoyote ya bei, kwa kuwa nyuzi zilizofungwa hazipati nafasi ya kunasa kwenye vidole, kwenye zipu ya nguo nyingine wala kwenye kuta za mashine. Mwenye mashine na aitie ndani ya foronya iliyofungwa mdomo.

Maji yetu ya visima, kama mjuavyo, ni magumu, na sabuni ya mche ikikutana nayo hufanya utando mweupe unaoganda kwenye kitambaa na kukikausha kama turubai. Sabuni ya unga au ya maji hustahimili maji hayo vizuri zaidi, mradi ya unga iyeyushwe kwanza na suuza iwe ya kutosha. Naloweka kwa robo saa katika maji baridi, nabonyeza na kuachia, nabonyeza na kuachia, na kukamua nakamua kwa kuikandamiza baina ya viganja badala ya kuisokota. Jiki sitaki kuiona karibu, kwa sababu hula pamba na huharibu haraka zaidi zile nyuzi zinazovutika. Kuhusu chumvi na siki, ambazo husifiwa kwamba hushika rangi, nili haishikwi kwa vitu hivyo. Chumvi ibaki jikoni.

Kuanika ni rahisi Dodoma kuliko mahali pengi, kwani hewa ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka na suruali hukauka kivulini bila kuliomba jua msaada. Jua kali hufifisha rangi na kudhoofisha nyuzi zile zile nyeupe tunazozihangaikia. Kosa kubwa ni kuikunja suruali juu ya kamba kwenye goti: jinzi iliyolowa ni nzito, na uzito wote huvuta tundu kutoka pande mbili. Naitundika kwa kiuno. Anayeanika kwenye seng'enge au juu ya ua wa miiba, hasa upepo wa Julai na Agosti unapovuma, amejitafutia tundu lisilokuwamo kwenye bei.

Pasi ipite upande wa ndani tu, na ncha yake isielekezwe kwenye nyuzi. Uzi unaoning'inia hukatwa kwa mkasi, hauvutwi.

Limebaki la mguu. Nimeshuhudia watu wazima, wenye kazi zao za heshima, wakiingiza mguu wenye kiatu ndani ya jinzi ya matundu na kidole kikatokea gotini pamoja na nusu ya nyuzi. Vua kiatu, kunja vidole, kusanya mguu wa suruali kwa mikono miwili kama unavaa soksi, upitishe polepole. (Ofisini, bila shaka, sivai, katika mji huu wa serikali tangazo la mavazi liko mlangoni, nami sina ugomvi nalo.)

Ile jinzi aliyoishona fundi wangu sasa ina mwaka wa nne. Tundu la kulia halijaongezeka hata ukucha. Goti la kushoto limeachia nyuzi mbili upande wa ndani, karibu na mshono, nilipochuchumaa kubadilisha gurudumu la baiskeli ya mwanangu. Jumamosi naipeleka Majengo, na safari hii hatahitaji kuniuliza.