Bibi mzaa mama na mtoto wa mwaka wa pili

Katika mazungumzo ya lishe ya watoto, bibi hutajwa zaidi pale inapofika zamu ya vikwazo. Ndiye anayempa kichanga maji kwa sababu jua ni kali. Ndiye anayesema maziwa ya binti yake ni mepesi, mtoto aanzishiwe uji. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na wahudumu wa afya wana haki ya kulalamika: maji yasiyo salama huleta kuhara, na kuhara huua. Hilo silipingi hata kidogo. Ila bibi amehukumiwa kwa miezi hiyo 6 tu, wakati ushahidi mzito kumhusu unaanza mtoto akishaota meno.

Rebecca Sear, mtafiti wa Uingereza anayechunguza afya na familia kwa jicho la mageuko ya binadamu, yaani jinsi binadamu alivyobadilika vizazi kwa vizazi, alirudi pamoja na Ruth Mace kwenye kumbukumbu ambazo daktari Ian McGregor alianza kuzikusanya vijijini Gambia mwaka 1950. Huduma za tiba zilikuwa haba, na karibu nusu ya watoto walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. McGregor aliwapima uzito na urefu mwaka hadi mwaka, akaandika nani kazaliwa na nani kafa. Watafiti hao wakauliza: ni ndugu gani akiwa hai, mtoto naye hupona? Mama, bila shaka. Kisha bibi mzaa mama na dada wakubwa. Uhai wa baba haukuonekana kubadili kitu, wala wa bibi mzaa baba.

Nimeurudia mara nyingi umri ambao msaada wa bibi ulijitokeza. Si uchangani, ni pale mtoto anapojifunza kutembea na kuachishwa ziwa. Mama huenda ana mimba nyingine, au kazi zimemrudisha shambani. Mtoto anaokota kila kitu na kukitia mdomoni. Chakula cha wakubwa bado kinamshinda, akiugua anakataa kula, na hapo anahitaji mtu asiye na haraka, wa kumlisha kijiko kimoja, kumngoja, kisha kumpa kingine.

Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walikuta jambo la namna hiyo kwa Wahadzabe, jamii ya kuwinda na kukusanya chakula cha porini karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Mama akijifungua, chakula anacholeta hupungua, na uzito wa mtoto aliyetangulia ukawa unafuata juhudi za bibi. Mizizi ya porini iko chini kabisa, katikati ya mawe. Mtoto mdogo haiwezi. Mwanamke mzee huketi hapo na mti wake wa kuchimbia, akiondoa jiwe moja baada ya jingine mpaka aufikie mzizi. Kutokana na hayo Hawkes akajenga hoja kwamba wanawake huishi miaka mingi baada ya hedhi kukoma kwa sababu bibi wa namna hii walikuza wajukuu.

Wapinzani husema hoja za mageuko ni rahisi kuzitunga na vigumu kuzipima. Ni kweli, lakini mhudumu wa afya hahitaji kumaliza ubishi wa hedhi ili atumie takwimu za vifo. Wengine husema bibi aliye hai ni dalili tu ya ukoo wenye afya. Basi mbona bibi mzaa baba, ambaye damu yake imo mwilini mwa mtoto kwa robo ileile, hakuleta tofauti Gambia? Pingamizi linalonisumbua ni la Krummhörn, Ujerumani. Huko kumbukumbu za karne ya 18 na 19 zilionyesha kwamba mama mkwe, yaani bibi mzaa baba, akiwa hai, vichanga walikufa zaidi. Kwa hiyo si kila bibi, wala si kila nyumba.

Mwaka 2008 Sear na Mace walilinganisha tafiti 45. Bibi mzaa mama alisaidia mara nyingi, huku uhai wa baba ukihusishwa na kupona kwa mtoto katika theluthi moja tu ya tafiti. Theluthi hiyo husomwa vibaya, kana kwamba baba hana kazi. Takwimu hizo zinahesabu vifo tu. Baba akiondoka, huenda ndugu wengine huliziba pengo lake, na mtoto akabaki hai hata kama amepoteza mengi.

Senegal kuna waliolifanyia kazi suala hili la bibi. Judi Aubel, mtaalamu wa afya ya jamii, aliwakusanya bibi wa vijijini kwa nyimbo, majadiliano na hadithi, badala ya kuwapita ili kumfikia mama. Katika utafiti uliochapishwa 2004, asilimia 96 ya kina mama wa vijiji hivyo walisema waliwanyonyesha watoto maziwa pekee kwa miezi 5 ya mwanzo. Katika vijiji vya kulinganishia ilikuwa asilimia 35. Ni maelezo ya kina mama wenyewe, na mtu huweza kusema anachotarajiwa kusema. Hata ukilipunguza pengo hilo nusu kwa tahadhari, limetokana na wanawake walewale waliolaumiwa kwa maji na uji, baada ya mtu kwenda kuketi nao.