Raba bendi si mkanda wa redio kaseti

Jamani, tuache kufunga raba bendi ndani ya redio kaseti za zamani badala ya mkanda, ule mpira wa mviringo unaopeleka mzunguko wa mota kwenye utepe! Unainunua redio sokoni Gikomba, Nairobi, spika zote mbili safi, kaseti inazunguka. Siku chache tu, sauti inayumba. Ukifungua: mpira wa kufungia noti! Raba bendi haina unene sawa na inavutika ovyo, kwa hiyo utepe haushiki mwendo wake wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Ikikatika upande wa kukunja utepe huku kapstani (kijiti cha chuma kinachovuta utepe) ikizunguka, kaseti yako inatafunwa.

Mkanda halisi si kazi ngumu. Ule wa zamani huyeyuka ukawa kama lami, basi sugua puli zote (vigurudumu vinavyoshika mkanda) kwa spiriti na pamba mpaka pamba itoke nyeupe. Zungusha uzi puli hadi puli, upime, gawanya kwa 3.14, punguza asilimia 5. Uzi wa milimita 220 unadai mkanda wa kipenyo cha milimita 66 au 67. Ukikaza kupita hapo, mota inalemewa.

Na ile skrubu ndogo ya kasi nyuma ya mota, tafadhali, msiikoroge kuficha raba bendi!