Walibertari na wanamaendeleo wa Marekani: wanapokutana na wanapoachana

Tarehe 24 Julai 2013, wiki chache baada ya Edward Snowden kufichua kwamba Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani lilikuwa likikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya raia wasiotuhumiwa kosa lolote, Baraza la Wawakilishi lilipigia kura pendekezo la kuinyima fedha kazi hiyo. Waliolileta walikuwa wabunge wawili wa Michigan. Mmoja ni Justin Amash, Mrepublikan kijana aliyeamini kwamba serikali haina haki ya kuingilia sehemu kubwa ya maisha ya watu. Mwingine ni John Conyers, Mdemokrat mkongwe wa Detroit na mmoja wa waanzilishi wa umoja wa wabunge weusi, ambaye kwa miaka mingi alidai serikali igharimie matibabu ya kila Mmarekani. Pendekezo liliangushwa kwa kura 217 dhidi ya 205. Walioliunga mkono walikuwa Wademokrat 111 na Warepublikan 94, huku Ikulu ya Obama na viongozi wa vyama vyote viwili bungeni wakilipinga.

Kwa kawaida makundi haya mawili huwekwa katika ncha zinazopingana. Walibertari hushikilia kwamba mtu ni mwenye nafsi yake na mali yake, na kwamba serikali isitumie nguvu ila kumkinga dhidi ya wizi, udanganyifu na mashambulizi. Wanamaendeleo, yaani mrengo wa kushoto wa siasa za Marekani, huiona serikali kuwa chombo cha wengi cha kurekebisha kile ambacho soko na historia vimekipotosha. Mmoja anataka kodi ipungue, mwingine anataka tajiri alipe zaidi. Hata hivyo, ukifuatilia kura na kesi badala ya hotuba, utaona kwamba ugomvi wao wa kweli hauhusu ukubwa wa serikali. Unahusu swali la nani anayemwonea nani. Anayeonea akiwa askari, mwendesha mashtaka au mpelelezi, wanasimama pamoja. Akiwa mwajiri, mwenye nyumba au kampuni, wanaachana, na kwa maoni yangu wana sababu nzito za kuachana.

Hakuna nadharia inayoonyesha jambo hili kwa uwazi kama kifo cha Eric Garner. Tarehe 17 Julai 2014, huko Staten Island katika jiji la New York, polisi walimzunguka wakimtuhumu kuuza sigara mojamoja zisizolipiwa ushuru. Wakati huo kila pakiti ya sigara jijini humo ilitozwa ushuru wa dola 5.85, yaani 4.35 za jimbo na 1.50 za jiji, na kwa sababu hiyo sigara zilizoingizwa kimagendo kutoka majimbo yenye ushuru mdogo zilikuwa na soko kubwa barabarani. Askari mmoja alimkaba shingo kwa mbinu ambayo kanuni za polisi wa jiji hilo zilikuwa zimeipiga marufuku. Garner alisema mara 11 kwamba hawezi kupumua, kisha akanyamaza. Mnamo Desemba jopo la raia lililopaswa kuamua kama kuna kesi ya kujibu lilikataa kumfungulia askari huyo mashtaka. Alifukuzwa kazi mwaka 2019.

Rand Paul, seneta wa Kentucky mwenye mwelekeo wa kilibertari, aliwalaumu wanasiasa waliopandisha ushuru kiasi cha kuifanya sigara moja kuwa jambo la polisi. Alikejeliwa sana, kwa kuwa ilionekana anakwepa suala la rangi. Lakini katika siku hizohizo Stephen Carter, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Yale ambaye mwenyewe ni mweusi, aliandika kwamba huwaonya wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza wasiunge mkono sheria yoyote ambayo hawako tayari kuona mtu akiuawa ili itekelezwe. Hoja hiyo wanamaendeleo hawana budi kuibeba. Ushuru wa sigara ulitungwa kwa nia njema, na ni kweli kwamba bei ikipanda wavutaji hupungua. Lakini kila katazo, hata lile la kulinda afya, mwisho wake hufika barabarani likiwa mikononi mwa mtu mwenye pingu na bastola, na wanaokutana naye mara nyingi ni maskini.

Nao walibertari wana deni lao katika kisa hichohicho. Ushuru haukuchagua ni shingo ya nani ikabwe. Mfanyabiashara mkubwa anayekwepa kodi kwa mamilioni hupelekewa barua, hukutana na maofisa akiwa na wanasheria wake, na hurudi nyumbani jioni. Kufuta ushuru kungemwondolea askari kisingizio kimoja tu kati ya vingi, kwa kuwa mazoea ya kumtazama mtu mweusi kama mshukiwa yangebaki palepale. Anayesoma kifo cha Garner kama hadithi ya kodi peke yake ameacha nusu ya kisa, sawasawa na anayekisoma bila kuitaja kodi kabisa.

Mfano mwingine uko karibu na wahamiaji kutoka bara letu. Katika jimbo la Utah, mwanamke mzaliwa wa Sierra Leone, ambaye alijifunza kusuka nywele tangu utotoni, aliambiwa hawezi kusuka kwa malipo bila leseni ya urembo, iliyohitaji saa 2,000 za masomo ya kulipia. Masomo hayo yalihusu zaidi kukata nywele, kutia rangi na kutumia kemikali, vitu ambavyo msusi wa vitana na vidole havigusi. Aliyemtetea mahakamani ni Institute for Justice, taasisi ya wanasheria wa kilibertari iliyoanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa fedha za Charles Koch, bilionea wa viwanda mwenye msimamo wa kilibertari, na mwaka 2012 mahakama ya shirikisho ilimpa haki. Miaka mitatu baadaye Ikulu ya Obama ilitoa ripoti iliyokubaliana na hoja hiyo kwa sehemu kubwa. Ilisema zaidi ya robo ya wafanyakazi wa Marekani walihitaji leseni ili wafanye kazi zao, ilhali mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa chini ya asilimia 5. Wanamaendeleo wako sahihi wanaposema fundi umeme na muuguzi lazima wapimwe. Lakini leseni ya msusi ilikuwa ikiwalinda wenye saluni zaidi ya kumlinda mteja, na ingefaa upande wa kushoto ugutuke mapema badala ya kuwaachia wengine kazi hiyo.

Historia ya haki za watu weusi ndiyo inayoupima uhusiano huu kwa ukali zaidi. Mwaka 1914 mji wa Louisville, Kentucky, ulitunga sheria ya kumkataza mtu mweusi kuhamia mtaa wenye wakazi wengi weupe, na mweupe kuhamia mtaa wenye weusi wengi. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kiliipinga, na wakili wake alikuwa rais wa chama hicho, Moorfield Storey, mzee wa Boston wa kizazi cha waliberali wa zamani, yaani watetezi wa uhuru wa mtu na mali yake, ambaye pia aliongoza upinzani dhidi ya Marekani kuitawala Ufilipino. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo kwa kauli moja, na msingi mkuu wa hukumu ulikuwa haki ya mwenye nyumba kumuuzia yeyote amtakaye. Hapo hoja ya mali binafsi, ambayo leo wengi huiona kuwa silaha ya matajiri, ilivunja ukuta wa ubaguzi katika enzi ambayo hoja ya usawa ilikuwa ikishindwa karibu kila mahali.

Lakini kilichofuata kinawaumbua wanaodhani kwamba serikali ikiondoka uhuru umefika. Wamiliki weupe walianza kuandikiana mikataba binafsi ya kutouza nyumba kwa watu weusi, na mikataba hiyo ilifanya kazi ileile ya sheria iliyofutwa. Ilibidi kungoja hadi 1948 Mahakama ya Juu iseme kwamba mahakama za nchi haziwezi kuitekeleza. Mnamo Februari 1960, vijana wanne weusi walipokaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth huko Greensboro, North Carolina, duka lilikataa kuwahudumia kwa maelezo kwamba linafuata desturi ya mahali. Mwonevu aliyekuwa mbele yao alikuwa mwenye duka akitumia haki yake ya mali.

Ndiyo maana kura ya Barry Goldwater ya mwaka 1964 haijasahauliwa. Seneta huyo wa Arizona alikuwa ameunga mkono sheria za haki za kiraia za 1957 na 1960, lakini aliikataa ile ya 1964 kwa sababu ya sehemu mbili: ile iliyowalazimisha wenye hoteli na migahawa kuhudumia watu wote, na ile iliyokataza ubaguzi katika ajira. Alisema serikali kuu haina mamlaka hayo. Katika uchaguzi wa urais wa mwaka huo, akiwa mgombea wa Republican, alishinda majimbo sita tu, la kwake na matano ya Kusini kabisa, ambako wengi waliompigia hawakujali falsafa ya mikataba. Walibertari hujibu kwamba ubaguzi wa Kusini ulijengwa na serikali zenyewe, na wanataja sheria ya Louisiana ya 1890 ya kutenganisha mabehewa, ambayo baadhi ya kampuni za reli hazikuipenda kwa kuwa ziliongezewa gharama. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Huwezi kumwambia mtu aliyelala ndani ya gari kwa kukosa hoteli katika safari ya maili mia kadhaa kwamba uhuru wake uko salama kwa sababu waliomfukuza hawakuvaa sare. Katika hili sioni nafasi ya kati: mwaka 1964 serikali ilipanua uhuru kwa kutumia nguvu, na waliopinga kwa kanuni walikosea.

Kazini mgawanyiko una umri mkubwa zaidi. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu iliifuta sheria ya New York iliyoweka ukomo wa saa 10 kwa siku kwa wafanyakazi wa viwanda vya mikate, ikisema inavunja uhuru wa mkataba, na msimamo huo ulidumu hadi 1937. Mlibertari huona katika hukumu hiyo watu wazima wawili wakikubaliana. Mwanamaendeleo huona mmoja mwenye akiba na mwingine mwenye watoto wenye njaa. Vivyo hivyo kwa bajeti: ilani ya chama cha Libertarian ya mwaka 1980, ambapo David Koch, nduguye Charles, alikuwa mgombea wa makamu wa rais, ilitaka pensheni ya taifa na bima za serikali za wazee na maskini zifutwe. Ni kweli kwamba mwaka 1962 mwanauchumi wa soko huria Milton Friedman alipendekeza maskini wapewe fedha taslimu kupitia mfumo wa kodi, na wazo hilo lilisaidia kuzaa nafuu ya kodi kwa wenye kipato kidogo ya mwaka 1975. Walibertari wengi, hata hivyo, hawakumfuata huko.

Uhamiaji unavuruga ramani yote. Mwaka 2015, alipoulizwa kuhusu kuachia mipaka wazi, Bernie Sanders, seneta anayejiita msoshalisti, alijibu kwamba hilo ni pendekezo la akina Koch, wale ndugu wawili mabilionea, akihofia mishahara kushuka. Siku hiyo mkulima wa Guatemala alitetewa na mabilionea kuliko alivyotetewa na msoshalisti.

Wapo wanamaendeleo wanaosema ushirikiano wowote na kambi hii ni mtego, na hofu yao haikutoka hewani. Mwaka 2015 mtandao wa Koch uliungana na Center for American Progress, taasisi ya upande wa pili kabisa, kupigania mageuzi ya magereza, na papo hapo washirika wa Koch wakataka sheria iongezwe ili mwendesha mashtaka athibitishe dhamira ya kosa katika makosa mengi zaidi, jambo ambalo lingeweza kuwakinga wakurugenzi wa kampuni zinazochafua mito. Mvutano huo uliwachelewesha. Lakini Desemba 2018 sheria ya mageuzi hayo, iitwayo First Step, ilipita Seneti kwa kura 87 dhidi ya 12, na wafungwa waliohukumiwa kwa viwango vya zamani vya kokeni ya crack, wengi wao weusi, waliruhusiwa kuomba vifungo vyao vipunguzwe. Mtu aliyetoka gerezani miaka kadhaa mapema hana sababu ya kuuliza nani alilipia kampeni.

Colorado inaonyesha yote haya mahali pamoja. Chama cha Libertarian kilizaliwa huko mwaka 1971, na wapigakura wake walihalalisha bangi mwaka 2012. Gavana Jared Polis, Mdemokrat ambaye mara nyingi huhesabiwa kuwa na damu ya kilibertari, alitia saini mwaka 2019 sheria ya chekechea ya kutwa nzima inayolipiwa na serikali. Tarehe 19 Juni 2020, chini ya mwezi mmoja baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi huko Minneapolis, alitia saini nyingine inayowaruhusu raia kuwashtaki polisi katika mahakama za jimbo bila polisi hao kujificha nyuma ya kinga waliyozoea, na askari asiyekuwa na nia njema anaweza kulipa hadi dola 25,000 au asilimia 5 ya fidia kutoka mfukoni mwake, kiasi chochote kitakachokuwa kidogo. Amash, wakati huo akiwa amehama Republican, na Ayanna Pressley, mwanamaendeleo wa Boston, walikuwa wamepeleka muswada wa namna hiyo katika Bunge la taifa mwezi huohuo, nao haukupita.

Mwezi Mei 2025 wabunge wa Colorado walimpelekea Polis muswada wa kufuta sharti la mwaka 1943, ambalo huwataka wafanyakazi waliokwisha kushinda kura ya kuunda chama cha wafanyakazi wapige kura ya pili na kupata asilimia 75 ndipo waweze kudai kila mfanyakazi achangie. Gavana aliyewavua polisi kinga yao aliukataa, na vyama vya wafanyakazi vilivyomfanyia kampeni vikamgeuka.