Nondo wa Kahawia Siyo Lazima Awe Kiwavijeshi Vamizi

Kila msimu wa mahindi ni yale yale. Picha ya nondo wa kahawia inaingia kwenye kundi la WhatsApp, mbawa zimekunjwa, mwanga hafifu, na mtaalamu wa kwenye simu keshajibu: "Vamizi huyo, piga dawa." Hongera daktari, umempima mgonjwa kwa kuangalia koti lake.

Tangu kiwavijeshi vamizi, kiwavi mla mahindi ambaye akikua huwa nondo, aripotiwe Afrika Magharibi mwaka 2016 na kutufikia huku 2017, kila kipepeo wa usiku ni mtuhumiwa. Dume wake kweli anatambulika: ana doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele, na katikati alama ya umbo la yai iliyolala kimshazari, rangi ya majani makavu. Jike hana hayo. Ni kijivu na kahawia iliyofifia, na akikunja mbawa hafai kutajwa jina na mtu yeyote.

Fungua bawa la nyuma! Mshike aliyekufa kwa kibano, livute bawa la mbele kwa pini. La vamizi ni jeupe la kung'aa, lenye ukingo mwembamba mweusi. La kiwavijeshi wetu wa zamani (Spodoptera exempta, wa hapa hapa Afrika) ni jeupe chafu, na mishipa yake ya kahawia inaonekana wazi. Yule nondo wa kiwavi wa pamba na mboga (Spodoptera littoralis) anajitangaza mwenyewe: bawa lake la mbele lina mistari myeupe iliyokatizana.

Kwenye mitego ya ndoo ya kunasia nondo ndiko uchungu ulipo. Kile kivutio kinachowekwa ndani kina harufu ya jike, kwa hiyo kinaita madume. Ukikuta jike ndani, huyo kapotea njia, usimhesabu. Lakini wapo pia madume wasiohusika, hasa nondo wa aina nyingine aitwaye Leucania loreyi: rangi ya nyasi kavu, mstari mweusi unaoanzia shina la bawa, nukta moja nyeupe katikati. Huyu anaingia kwa wingi, na watu wanamwandika kwenye daftari kama vamizi, kisha wanatangaza mlipuko.

Ndoo ikiachwa wiki mbili, au maji ya mvua yakiingia, magamba yanapukutika na alama zote zinakwenda nayo. Kagua kila wiki, badilisha kivutio baada ya wiki nne hadi sita. Nondo aliyebaki kipara ni wa maabara: akatwe tumbo, lilainishwe, viungo vya uzazi viangaliwe kwa hadubini.

Haya, nakiri: mkulima haamui kupiga dawa kwa nondo. Anaingia shambani, anafungua moyo wa mhindi, anatafuta kinyesi kama vumbi la mbao na kiwavi mwenye madoa manne meusi yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia. Ile Y iliyopinduliwa kichwani peke yake haitoshi, kiwavijeshi wa zamani naye huwa na kitu kinachofanana nayo. Na viwavi wachanga kabisa hawaonyeshi madoa hayo vizuri, kwa hiyo msinitumie picha zao.