Pesa ya PDM ifuate mvua

Chini ya PDM, mpango wa serikali wa kuendeleza parishi (Parish Development Model), kila parishi ya Uganda, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, imetengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya inayochaguliwa hukopeshwa hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa mkulima wa huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, hiyo si pesa ndogo. Atakodi ng'ombe wa kulimia, atanunua mbegu, atalipa vibarua wa palizi, na pengine abaki na ya mbuzi mmoja. Nimeuunga mkono mpango huu tangu Rais Museveni alipouzindua wilayani Kibuku Februari 2022, na bado nauunga mkono. Ugomvi wangu ni tarehe.

Shamba la mahindi na karanga huku kwetu hutayarishwa Februari na Machi, ili mvua ikishika mtu apande mara moja. Serikali nayo huanza mwaka wake wa fedha Julai 1. Pesa inatoka Kampala, inaingia SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya parishi, kisha simu ya mkulima, na katika safari yote hiyo hakuna anayeulizwa kama mvua imeanza au imekatika.

Jirani yangu, mama mjane, aliandika karanga kwenye fomu yake. Ujumbe wa pesa uliingia kwenye simu wakati mahindi ya watu yameshatoa mbelewele. Wiki hiyohiyo shule zilikuwa zinafunguliwa na mwanawe amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Pesa ikaenda shuleni. Nyingine aliitoa kama chai, maana aliambiwa asipofanya hivyo jina lake litaondolewa kwenye orodha. Sasa kwenye mikutano ya kijiji anatajwa kuwa mmoja wa wanaokula pesa ya serikali. Mama huyu haanzi siku bila jembe begani! Hilo linaniuma kuliko yote.

Tatizo hili si geni. Operation Wealth Creation, mpango wa serikali wa kuwapa wakulima pembejeo, ilipoanza 2013, wanajeshi wakagawa miche na mbegu, na wakulima sehemu nyingi wakalalamika kwamba miche inafika jua limeshawaka. Lakini ile ilikuwa ya bure: ikikauka, umepoteza jasho lako tu. Ya PDM ni mkopo. Ikichelewa, msimu unapita na deni linabaki.

Maofisa husema mkulima anaweza kuitunza hadi msimu ujao. Nyumba gani hiyo, yenye watoto wanne na mgonjwa wa malaria, itakayokaa na milioni miezi minane bila kuigusa? Wengine husema tunahitaji mafunzo zaidi. Mafunzo ni mazuri, tuyapate, ila hakuna somo litakalofanya karanga iliyopandwa mvua ikiisha ijaze maganda.

Ninachoomba kwa wabunge wetu kinawezekana kabisa. Wanapopitisha bajeti, waiwekee pesa ya PDM ya kila eneo mwezi wa mwisho wa kutolewa: kwetu iwe Februari, na penye misimu miwili kila wilaya iseme yenyewe. Ikipita hapo, mkulima aruhusiwe kuikataa na kuipata msimu unaofuata bila riba kuanza kuhesabiwa. Na orodha ya majina ibandikwe mlangoni pa ofisi ya parishi kabla ya Krismasi, mtu ajue mapema kama ataweka oda ya ng'ombe wa kulimia au atatafuta njia nyingine.